Kulitambua Bamba la Asili katika Kitako cha Bunduki Kuukuu ya Marisau

Matini ya mazungumzo na wakazi wa Manundu, Korogwe



Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo. Ni kipande kisichozidi kiganja cha mkono, kinachofungwa kwa skrubu mbili mwishoni kabisa mwa bunduki, pale mtu anapoiegemeza begani. Katika mazungumzo haya tutakiita bamba la kitako. Kazi yake ni kuulinda mti wa kitako usipasuke bunduki inaposimamishwa chini, usinywe maji na usiliwe na mchwa. Bunduki inapopiga teke, bamba ndilo linalokutana na bega la mpigaji.

Mtu anaweza kuuliza: ofisi inayomlinda mlaji ina haja gani na kipande hicho? Jibu ni kwamba biashara ya vitu vya kale imefika katika miji iliyo kandokando ya barabara kuu ya kwenda Arusha, na bunduki kuukuu za marisau, zile ambazo wengi huziita shotigani, zimo katika biashara hiyo. Bado wapo wakulima wenye leseni wanaozitumia kulinda mahindi dhidi ya nguruwe mwitu na nyani. Zipo familia zilizoachiwa bunduki na mzee aliyetangulia. Na mnunuzi anayejua kazi yake haanzi kutazama mtutu. Huigeuza bunduki na kutazama kitako, kwa kuwa hapo ndipo bunduki husema ukweli kuhusu maisha yake.

Hasara zinazotokea hapo ni za namna tatu. Ya kwanza ni ya yule anayelipia pembe akapewa plastiki. Ya pili ni ya yule anayempelekea fundi bunduki yenye bamba la asili kwa ajili ya kukaza skrubu tu, ikarudi na bamba jingine, naye asijue. Ya tatu ndiyo inayotutia hofu zaidi: mtu huambiwa na dalali kwamba bamba lake jeusi ni pembe ya faru, akaanza kulitembeza akitafuta bei. Mara nyingi kitu cha namna hiyo si pembe ya faru hata kidogo. Lakini siku itakapokuwa kweli, au itakapokuwa pembe ya ndovu, mwenye mali atakuwa ameingia katika kosa ambalo sheria yetu huliadhibu kwa kifungo cha miaka mingi. Kwa hiyo kujua bamba limetengenezwa kwa kitu gani ni jambo la fedha, na pia ni jambo la usalama wa mtu mwenyewe.

Kabla ya yote, tuseme neno moja juu ya leseni. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, umri wa bunduki si kibali cha kuimiliki. Gobore la babu lililoning'inia darini tangu zamani bado ni silaha. Bunduki ya marehemu hairithiwi kama jembe au kitanda. Familia huipeleka kituo cha polisi na kuelekezwa hatua zinazofuata. Serikali imewahi kutoa vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, kama ule wa Septemba na Oktoba 2022, lakini si busara kukaa ukisubiri msamaha mwingine. Yote tutakayoyaeleza hapa yanamhusu mwenye bunduki halali, na ukaguzi wenyewe ufanyike bunduki ikiwa tupu, imefunguliwa na kuhakikiwa na mtu aliyeidhinishwa. Hakuna bamba linalostahili kuwekewa bega la mtu rehani.

Sasa tuone bunduki hizi zilivyofika kwetu, maana asili ya bunduki hutupa dokezo la kwanza kuhusu bamba lake.

Nchi ya Wazigua na Wasambaa iliijua bunduki mapema kuliko sehemu nyingi za bara. Katika karne ya 19 biashara ya pembe na watumwa kupitia Pangani na Saadani ilileta bunduki za kupakilia mdomoni, na waliozipata walipata nguvu. Semboja wa Mazinde, jirani yetu hapa, alijijenga kwa biashara hiyo. Bwana Heri wa Saadani aliwakabili Wajerumani kwa silaha za aina hiyo katika vita vya 1889. Nyingi ya bunduki hizo za biashara zilitoka Birmingham nchini Uingereza na Liège nchini Ubelgiji. Vitako vyake, vikiwa na bamba, basi bamba hilo kwa kawaida ni la chuma au la shaba ya manjano, ile iliyochanganywa na zinki. Kisha ukaja Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, ambao mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiuzwe kwa Waafrika, huku gumegume na magobore yakiruhusiwa kwa masharti. Ndiyo sababu magobore yaliendelea kuwa bunduki ya mwananchi muda mrefu baada ya Ulaya kuyatupa.

Bunduki za marisau za kupakilia nyuma, zenye mitutu miwili inayokunjika, ziliingia zaidi na walowezi. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakaenea kandokando yake. Mabwana shamba wa Kijerumani walikuja na bunduki zao za kuwinda, nyingi zikiwa za mafundi wa mji wa Suhl. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaja Waingereza na wengine, pamoja na bunduki za Birmingham. Tofauti hii ni muhimu kwa mkaguzi. Mafundi wa Kijerumani walipenda sana pembe: waliitumia katika bamba la kitako, na mara nyingi hata katika kinga ya kifyatulio, ile pete inayozunguka mahali pa kidole. Waingereza na Wamarekani waliotengeneza bunduki kwa wingi walipenda mpira mgumu uliomiminwa katika kalibu. Na bunduki bora kabisa za London mara nyingi hazina bamba lolote; mwisho wa kitako ni mti mtupu uliochorwa mistari midogo inayokatizana, au una vipande viwili tu, kimoja juu na kimoja chini. Kwa hiyo anayekuambia kwamba kila bunduki isiyo na bamba imepungukiwa na kitu, akakuuzia la kuongeza, anakuharibia mali kwa fedha yako mwenyewe.

Mihuri iliyogongwa chini ya mitutu husaidia kujua ilikotoka bunduki. Herufi ELG ndani ya duara la yai ni muhuri wa Liège. Bunduki ya Kijerumani iliyopimwa kwa sheria ya 1891, iliyoanza kutumika 1893, huwa na taji juu ya herufi kama U na S. Birmingham ina nyumba yake ya majaribio tangu 1813. Ukikuta mihuri ya Kijerumani na kinga ya kifyatulio ya pembe, kisha kitakoni pana bamba la plastiki laini lisilo na alama, basi umekwisha kupata swali la kumuuliza muuzaji.

Tuanze na pembe, kwa kuwa ndiyo inayosingiziwa zaidi.

Pembe ya mnyama wa jamii ya ng'ombe imeumbwa kwa kitu kilekile kinachoumba kucha na nywele zetu. Imekua tabaka juu ya tabaka. Kwa hiyo bamba la pembe likishikwa kwenye mwanga mkali, hasa kwenye ukingo wake mwembamba, huonyesha mistari inayofuatana kama nyuzi, na mara nyingi rangi yake haiwi nyeusi ya namna moja: pana mshipa wa kijivu, wa asali, au wa kijani kilichofifia. Ukingo wenyewe unaweza kupitisha mwanga kidogo. Plastiki nyeusi na mpira mgumu havipitishi. Pembe pia huzeeka kwa namna yake. Hupasuka kwa kufuata tabaka na kubanduka kama ganda la kitunguu. Hukauka na kujikunja, hata pembe za bamba zikanyanyuka kutoka kwenye mti. Nao wadudu wanaokula ngozi na sufu huitoboa. Vijishimo visivyo na mpangilio kwenye bamba jeusi ni ushahidi mzuri kwamba ni pembe, maana hakuna mdudu anayekula bakelaiti.

Sasa pembe ya mnyama gani? Hapa twende taratibu. Pembe nyeusi iliyotumiwa na viwanda vya Ulaya ilikuwa kwa sehemu kubwa ya nyati wa kufugwa wa India na nchi za jirani zake, yule anayelima mashamba ya mpunga. Huyo si nyati wetu wa porini. Lakini bamba lililovunjika hapa nchini na kutengenezewa badala yake hapahapa linaweza kuwa la pembe ya nyati wa mwituni, na pembe hiyo ni nyara ya Serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009. Kwa macho tu, pembe ya nyati wa kufugwa, ya nyati wa mwitu na ya ng'ombe mweusi hazitofautishwi kwa uhakika baada ya kuchongwa na kung'arishwa. Ushauri wetu ni mfupi: ukishaona dalili za pembe, na huna maandishi yoyote ya asili yake, mpelekee Ofisa Wanyamapori wa Wilaya alitazame kabla hujalitangazia bei. Kulipeleka mwenyewe mapema ni bora kuliko kuulizwa ukiwa stendi.

Pembe ya faru ni kitu kingine kabisa. Haina mfupa ndani wala uwazi. Ni nyuzi zilizoshikamana, na mahali ilipokatwa kwa kukingama huonyesha vitone vingi vidogo kama ncha za nywele zilizofungwa pamoja. Faru weusi wachache wanatunzwa Mkomazi, si mbali na hapa, kwa gharama na ulinzi mkubwa. Dalali anayetamka neno faru juu ya bamba la bunduki ana moja ya nia mbili: kupandisha bei ya kitu cha kawaida, au kukuingiza katika biashara ambayo yeye atatoka na wewe utabaki. Usiendelee na mazungumzo hayo.

Pembe ya ndovu hupatikana mara chache, na ikipatikana huwa ni nakshi katika bunduki za fahari, hasa zile zilizopambwa kwa mtindo wa pwani na Uarabuni. Ni nyeupe au ya rangi ya malai, na palipokatwa kwa kukingama pana mistari laini inayopishana kama wavu, yenye pembe zilizopinda. Mfupa wa kawaida hauna wavu huo. Una vitundu na vijistari vyeusi. Plastiki inayoiga pembe ya ndovu huwa na mistari iliyonyooka mno, sawasawa kama ya daftari. Ile tochi ya rangi ya zambarau inayotumiwa na mawakala wa fedha kukagulia noti husaidia kidogo: gizani, pembe ya ndovu na mfupa hung'aa weupe wa kibuluu. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989. Hivyo hata kipande kidogo chenye uzee wa kweli si kitu cha kuvuka nacho mpaka wala cha kuuza kimyakimya.

Sasa tuje kwenye mpira mgumu, unaojulikana pia kama ebonaiti. Tunaamini kwamba mabamba mengi meusi yatakayowafikia mkononi ni ya kitu hiki, na ndicho kinachochanganywa na pembe, na mpingo na plastiki kuliko kingine chochote.

Charles Goodyear wa Marekani aligundua mwaka 1839 kwamba mpira uliochanganywa na salfa na kupashwa moto hubadilika, hauyeyuki tena wakati wa joto. Ndugu yake Nelson alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1851 kwa mpira uliotiwa salfa nyingi zaidi hata ukawa mgumu kama mti. Kwa hiyo bamba la ebonaiti haliwezi kuwa la asili katika bunduki iliyotengenezwa kabla ya katikati ya karne ya 19. Muuzaji akikuambia gobore lake ni la enzi za Seyyid Said na limekuja na bamba hilo, tarehe zenyewe zinamkana, kwa kuwa Seyyid Said alifariki mwaka 1856 na mpira huo ndio kwanza ulikuwa unaanza kutumika.

Dalili za ebonaiti ni tatu, na zote mnaweza kuziona bila kuharibu kitu. Kwanza ni nakshi yake. Kwa sababu ulimiminwa ukiwa laini, hubeba nembo za viwanda kwa ukali wa kupendeza: herufi za mwenye kiwanda, silaha zilizopangwa, au kichwa cha mbwa kama katika bunduki za Parker Brothers wa Connecticut. Pili ni rangi. Ebonaiti ilizaliwa nyeusi ya kung'aa, lakini mwanga na hewa huifanya iwe ya kahawia, wakati mwingine kahawia iliyochanganyika na kijani. Fungua skrubu na utazame mahali palipofunikwa na kichwa chake. Pakiwa peusi na pengine kote pakiwa na rangi ya kahawia, hiyo ni ebonaiti iliyozeeka kwa haki yake. Tatu ni harufu. Sugua bamba kwa kidole gumba kwa nguvu hadi lipate joto, kisha nusa haraka. Utasikia salfa, ileile ambayo wakulima wa mikorosho wanaijua vizuri. Pembe haitoi harufu hiyo.

Ugonjwa wa ebonaiti ni kwamba salfa yake, ikikutana na hewa yenye unyevu kwa miaka mingi, hutoa asidi. Ndiyo maana skrubu za chuma katika bamba la aina hii huwa zimeliwa na kutu kuliko skrubu nyingine za bunduki. Na kamwe usiioshe kwa maji ya moto. Fundi mwenye nia njema akitumbukiza bamba katika maji ya moto ili atoe uchafu, atalitoa likiwa la rangi ya matope, na weusi ule haurudi. Kupaka rangi ya viatu ni mbinu ya wauzaji. Futa kwa kitambaa cheupe kikavu, na kitambaa kikitoka cheusi muulize muuzaji alikuwa anaficha nini.

Mpira laini ni habari nyingine. Kampuni ya Silver ya London iliuza mito ya mpira wa rangi ya chungwa iliyokoza, iliyofungwa kitakoni ili kupunguza uchungu wa teke. Mpira huo ukizeeka hukauka na kupasuka kama ardhi ya Handeni mwezi wa Oktoba. Ukiukuta umepasuka lakini jina lake bado linasomeka, usikubali utupwe na kuwekewa kipande cha tairi. Kipande cha tairi kinafaa kazi ya shamba, hatukatai, ila kisiandikwe kuwa ni cha asili.

Bakelaiti, iliyovumbuliwa na Leo Baekeland mwaka 1907, ni ngumu, nzito kidogo, na ikipashwa joto la kiganja hutoa harufu ya dawa ya hospitali. Seluloidi ni ya tangu miaka ya 1870 na hunukia kafuri. Mpingo hutambulika kwa uzito wake na vinyweleo vya mti vinavyoonekana kwa kioo cha kukuzia. Mara nyingi ni kazi ya seremala wa hapa nchini, na baadhi ya kazi hizo ni nzuri kuliko kilichotoka kiwandani. Kwa chuma tumia sumaku. Sumaku ikishika bamba linalosemwa kuwa la shaba, basi ni chuma kilichopakwa.

Tunaomba msikilize vizuri jambo linalofuata, kwa sababu limekwisha kuenea katika maelezo ya mitaani: jaribio la sindano ya moto. Watu huambiwa wachome bamba kwa sindano iliyotiwa moto. Ikinukia nywele zilizoungua ni pembe, ikinukia salfa ni ebonaiti. Kwa harufu tu, maelezo hayo ni kweli. Lakini tundu litabaki milele na litashusha thamani ya kile ulichotaka kujua thamani yake. Na likiwa bamba la seluloidi, hali ni ya hatari zaidi. Seluloidi imetengenezwa kwa pamba iliyotiwa asidi; ni ndugu wa karibu wa baruti isiyotoa moshi. Hushika moto ghafla na kuwaka kwa nguvu mkononi mwa aliyeishika. Mtu asichome bamba la bunduki. Yale aliyotaka kuyajua atayapata kwa mwanga, kwa kidole gumba na kwa uvumilivu.

Kujua kitu bamba lilichotengenezwa hakutoshi kusema ni la asili. Pembe ya kweli inaweza kuwa imehamishwa kutoka bunduki nyingine. Hapo tazama mahali bamba linapokutana na mti. Kiwandani, fundi alifunga bamba kwanza kisha akasawazisha mti na bamba kwa pamoja, hivyo kidole kikipita juu ya ungio hakipaswi kukwama. Ukingo wa bamba ukichomoza nje ya mti, au mti ukichomoza nje ya bamba pande zote, mojawapo ni mgeni. Tukumbuke lakini kwamba pembe husinyaa, kwa hiyo pengo dogo katika bamba la pembe si ushahidi wa udanganyifu. Bamba likifunguliwa na fundi mwenye leseni, tazama mti uliokuwa umefichwa: matundu ya zamani ya skrubu yaliyozibwa kwa kijiti ni dalili ya bamba la pili. Mara nyingi pia utakuta namba imegongwa au kuandikwa kwa penseli ndani ya bamba au kwenye mti, nayo hufanana na namba ya bunduki au tarakimu zake za mwisho.

Skrubu nazo husema. Skrubu yenye msalaba kichwani ilianza kuenea katika miaka ya 1930. Skrubu za kale zina mfereji mmoja tu, mwembamba, na fundi mwangalifu aliipanga mifereji yote miwili ielekee upande mmoja, yaani kwa urefu wa kitako.

Kuhusu nakala mpya, hatuzilaumu. Bamba la asili likivunjika, nakala ya plastiki iliyotengenezwa kwa kufuata umbo la zamani huurudishia mti kinga yake. Nakala nyingi hutambulika kwa kuwa ndogo kidogo kuliko asili, maana plastiki hunywea inapopoa, na nakshi yake huwa butu kama sarafu iliyotumika sana, ilhali mgongo wake ni mpya kabisa. Kosa huanza pale nakala inapouzwa kwa jina la asili. Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha juu ya bidhaa, na haibagui kati ya gunia la sukari na bamba la pembe.

Kwa hiyo anayekwenda kwa fundi aliyeidhinishwa afanye hivi. Kabla ya kuiacha bunduki, apige picha za bamba kwa simu: moja ya uso mzima, moja ya ungio, na za vichwa vya skrubu. Karatasi ya mapokezi itaje bamba kwa sura yake, kwa mfano: bamba jeusi lenye nembo ya silaha tatu, limevunjika ncha ya chini. Maneno "bamba moja" hayamlindi mtu. Likihitaji kubadilishwa, aandike kwamba kipande cha zamani kirudishwe kwa mwenyewe hata kikiwa vipande vipande. Bamba lililovunjika la asili lina thamani, na fundi anajua hivyo.

Anayenunua, kwa utaratibu wa kisheria na kwa idhini ya polisi, amtake muuzaji aandike kwenye risiti jina la kitu: pembe, ebonaiti, mti au plastiki, na kama ni la asili au la kubadilisha. Muuzaji mkweli asiyejua ataandika "bamba jeusi, halijathibitishwa", nasi tunaliheshimu jibu hilo kuliko hadithi ndefu. Anayekataa kuandika alichokitamka kwa mdomo amekwisha kujieleza. Akiandika na ikaja kubainika kuwa si kweli, karatasi hiyo ndiyo itakayotuwezesha kulishughulikia lalamiko lako. Bila hiyo tutabaki na neno lako na neno lake.

Tumeleta mabamba manne mezani, la pembe, la ebonaiti, la mpingo na la plastiki, yakiwa yamekwisha kutengwa na bunduki zake. Tunawaomba wazee mtangulie, myashike, myasugue na kuyanusa, kisha tuendelee na maswali.